Maradhi ya Mhusika: Kutoka Kichwamaji hadi Mswada wa Mweiga

Makusudi ya makala haya ni kulichunguza swali ambalo uhakiki wetu umezoea kulipita: mwandishi anayempa mhusika wake maradhi yasiyoonekana kila siku, anapaswa kuyajua kwa kiasi gani? Swali hili limeletwa na mswada wa riwaya ambao haujachapishwa. Mandhari yake ni Mweiga, mji mdogo wa Nyeri ulio baina ya Nyandarua na Mlima Kenya, na kiini chake ni mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinajaa maji. Mwandishi anaufahamu mji wake barabara. Soko, ukungu wa Julai, matatu za kwenda Nyeri, yote yamo, tena kwa jicho kali. Lakini mtoto anazaliwa katika sura ya nne kichwa kikiwa kikubwa tayari. Majirani wanasema ni malipo ya uasherati wa babake. Msimulizi anakubaliana nao. Na katika sura ya tano mtoto anazikwa.

Chimbuko la mtoto huyu halijifichi. Euphrase Kezilahabi, katika riwaya yake Kichwamaji iliyochapishwa mwaka 1974, aliwapa Manase na Kazimoto watoto wenye vichwa vikubwa, na akamwelekeza msomaji kuona chanzo katika maradhi ya zinaa. Kitabibu jambo hilo si muhali: kaswende ambayo mtoto huipata tumboni mwa mamake huweza, ingawa kwa nadra, kuleta maji kichwani. Hata hivyo Kezilahabi hakuwa akiandika habari za mtoto. Aliandika juu ya kizazi cha wasomi kilichozaa kisichoweza kuishi, na jina lenyewe la riwaya lina pande mbili, kwani kichwa maji ni maradhi na pia ni tusi la mtu asiye na akili timamu. Kichwa kile ni ishara, na ishara haipimwi kwa utepe.

Mwandishi wa Mweiga hana ruhusa hiyo, kwa sababu amechagua uhalisia. Anayetutajia bei ya gunia la viazi ametuahidi kwamba na mengine ameyauliza. Angeuliza, angepata nini? Mwaka 2005 daktari mpasuaji Benjamin Warf alichapisha matokeo ya watoto 300 waliotibiwa katika hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda. Kwa asilimia 60 hivi ya watoto hao, maji yalitokana na maambukizi, na wengi wa walioambukizwa waliugua kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Maana yake ni kwamba mtoto huzaliwa salama, hushikwa na homa na degedege, hupata nafuu, na nyumba nzima hushukuru. Kisha kichwa huanza kukua. Uzinzi wa baba hauna nafasi katika mfuatano huo, na wako akina mama huko Mweiga na kwingineko ambao wamesutwa kwa dhambi isiyokuwepo. Riwaya inayoungana na wasutaji imefanya zaidi ya kukosea tiba.

Tuzingatie pia hasara ya kifani. Maradhi yanayokua wiki kwa wiki humpa msanii wakati, na wakati ndio uti wa riwaya. Mweiga kuna baridi, na mtoto mchanga hatolewi nje bila kofia ya sufu. Basi kichwa hiki kingekua chini ya kofia, pasipo jirani kukiona, mpaka siku kofia itakapokataa kuingia na mama akae usiku kufuma nyingine kubwa zaidi bila kumweleza mumewe sababu. Utosi umevimba, macho yameelemea chini, weupe ukionekana juu ya mboni. Haya yote yanapatikana kwa kumuuliza muuguzi wa kliniki, mwenye utepe wake, anayejua kwamba kichwa cha mtoto anayezaliwa ni sentimita 35 hivi.

Wala si muuguzi peke yake wa kuulizwa. Katika miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, aliyetibu kifafa huko Mahenge, Tanzania, aliandika juu ya watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Hali ya namna hiyo ilikuja kujulikana ulimwenguni miongo kadhaa baadaye, ilipowapata watoto wengi wa Uganda ya kaskazini. Wazazi walikuwa wameiona kitambo. Katika mswada wetu, kinyume chake, bibi mzaa baba anayataja maradhi kwa jina la Kilatini, jambo ambalo sijui amelitoa shamba gani.

Kuhusu mazishi ya sura ya tano, mwandishi ameharakisha. Mtoto wa namna hii hupasuliwa, kwa mfano huko Kijabe, mbali na Mweiga kwa nauli na kwa siku za kazi. Huenda akawekewa mpira mwembamba unaopita chini ya ngozi kuyateremsha maji hadi tumboni. Huko Mbale Warf aliwafungulia wengi njia ndani ya ubongo wenyewe, wasihitaji mpira. Mpira huweza kuziba wakati wowote, na dalili zake ni kutapika na kusinzia. Mtoto gani hatapiki? Mama yuko Mweiga, ni saa nane za usiku, mtoto ametapika mara ya pili na analala usingizi mzito, na matatu ya kwanza ni alfajiri. Sura ya tano ingeanzia hapo.