Ufundi wa Kunamua

Ukitaja ufundi Newala au Masasi, mawazo ya watu huenda kwenye patasi na mpingo, maana kazi ya wachongaji wa Kimakonde imeshafika mbali. Upo ufundi mwingine, pale juu ukingoni kunakotazama bonde la Ruvuma na huku chini kwenye majabali ya Masasi, nao hauachi kitu cha kuuzwa: kufungua bao. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 mashimoni, yaani 6 ndani ya nyumba, lile shimo kuu la mstari wa mbele, na mbilimbili katika mashimo mawili yanayoifuata upande wa kulia. Nyingine 22 ziko mkononi, za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni mojamoja, mpaka ziishe ndipo uanze mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Wengi huchukulia kunamua kama matayarisho tu, wakisubiri mtaji ndio waone mchezo. Nashikilia kwamba mchezo huamuliwa zaidi huku mwanzoni, na anayekuelewa kunamua amelielewa bao.

Tazama kete ya kwanza. Mwanzoni hakuna cha kula, kwa kuwa mashimo yenye kete hayatazamani. Anayeanza hana budi kutakata, yaani kusambaza kete bila kula. Ana mashimo mawili ya kuchagua nje ya nyumba, kila moja kulia au kushoto, basi ni milango minne tu. Kulia ni salama. Kushoto huiacha kete pekee mbele ya nyumba ya mpinzani, na anayejifunza ataona ni uzembe. Lakini chukua shimo linalopakana na nyumba, ongeza kete ziwe 3, uzisambaze kushoto. Ya kwanza inaingia nyumbani, mbili zinaangukia mashimo matupu: moja inatazamana na shimo la mpinzani lenye kete 2, nyingine na nyumba yake yenye 6. Sheria inamlazimisha kula. Akila kwa lile shimo dogo, nyumba yake inaliwa yote. Hivyo atakula kwa nyumba, apate kete moja ya kupeleka kichwani, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele, nawe utajibu kwa kete iliyosalia na kuokota mbili. Umetoa moja, na hatua ya mwenzako umemchagulia wewe.

Wapenzi wa sataranji watasema hiki ni kidogo mno kuitwa elimu. Wao wana vitabu tangu enzi za padri Ruy López wa Hispania, aliyechapisha chake mwaka 1561, na ufunguzi wenye jina lake bado wanautumia mabingwa, kila tawi na hoja zake. Ni kweli, na ni hazina. Ila katika sataranji hatua moja huhamisha kipande kimoja, au viwili mfalme anapojificha ngomeni, kwa hiyo mfuatano mrefu hukaririka. Kete moja ya bao yaweza kubadili nusu ya ubao. Anayekariri hatua atapotea mapema. Kinachodumu kichwani ni sababu. Mathalani, unapokula na kete ya mwisho ikaishia nyumbani mwako, mbele pakiwa hapana cha kula, una hiari ya kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzisambaza kete za nyumba. Kulala kunaongeza akiba na papo hapo kunamwonesha mpinzani windo. Kusafiri kunaeneza nguvu, lakini nyumba iliyokwisha safiri hairudishiwi heshima yake. Hapo hakuna jibu moja, na ndiyo maana naliita jambo hili ufundi.

Kwa nini basi mtu asicheze kulia siku zote? Nadhani hili ndilo pingamizi zito. Kete zinazokimbilia kulia huishia kichwani na mstari wa nyuma, na za nyuma haziliwi kamwe. Lakini wakati wa kunamua za nyuma haziwezi kuanzisha kula pia. Anayezirundika huko anapunguza mashimo ya mbele anayoweza kula kwayo, anamwachia mwenzake kuamua nani ashambulie, na bao halihesabu akiba: mstari wa mbele ukibaki mtupu umefungwa, hata nyuma ukiwa na kete nyingi kuliko za mpinzani.