Nani Yumo Katika "Tu-"?

Safari hii tumeonelea tuhakiki matini isiyofika katika madarasa yetu ya fasihi. Nayo ni Hatua Kumi na Mbili za Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Hatua zenyewe zilichapishwa mwaka 1939. Leo zinasomwa kwa Kiswahili Unguja, katika soba hausi zilizoanza mwaka 2009 kwa ajili ya waraibu wa heroini.

Mwalimu wa sarufi ataona jambo moja mapema. Kiingereza hutaja "sisi" mwanzoni mwa hatua ya kwanza, kisha hatua zinazofuata huweza kuanza na kitenzi kisicho na mtendaji. Kiswahili hakiruhusu hivyo. Kila kitenzi sharti kibebe kiambishi "tu-". Kwa maoni yetu hapa tafsiri inaishinda asili, kwani mtu aliyezoea kulewa kwa kujificha anakumbushwa katika kila hatua kwamba ana wenzake.

Lakini "tu-" hiyo inamchukua nani? Kiswahili hakitofautishi "sisi" pamoja nawe na "sisi" bila wewe. Huko Marekani swali hili lilileta ubishi. Kanuni ilitaka sharti moja tu la uanachama, nia ya kuacha pombe. Hata hivyo, kundi la kwanza la wapenzi wa jinsia moja lilianzishwa San Francisco mwaka 1968, na mpaka mwaka 1974 ndipo mkutano mkuu ulipokubali makundi ya aina hiyo yaorodheshwe pamoja na mengine. Tukumbuke kwamba hatua ya tano inamtaka mtu amweleze mwenzake makosa yake bila kuficha. Ataelezaje maisha yake ikiwa jina la mpenzi wake tu litamtoa nje ya kundi?

Kwetu swali ni zito zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Sudan Kusini ya mwaka 2008, kifungu cha 248, inaweza kumfunga mtu huyo hadi miaka 10. Tanzania, iliyotangulia kutoa methadoni pale Muhimbili mwaka 2011, mwaka 2017 ilisimamisha huduma katika vituo vipatavyo 40 vya UKIMWI kwa madai kwamba vilikuza mapenzi ya jinsia moja. Mlevi wa siko hapa Juba huombewa kanisani na kushikwa mkono na jirani hadi nyumbani. Huyu mwingine atashikwa mkono na nani?

Msamiati wetu nao una lawama yake. "Teja" ni neno la kumdharau mtu. "Mraibu" ni afadhali, maana uraibu kwa watu wa pwani ni hata tambuu na tumbaku za wazee. "Shoga" limepotoka zaidi. Wanawake wa pwani bado huitana hivyo kwa upendo, lakini mwanamume akiitwa hivyo mara nyingi ametukanwa. Tungependa walimu wafundishe maana zote mbili, wala wasiruke ukurasa.

"Mpenzi wa jinsia moja" tulilolitumia hapa halina tusi, ila ni la kiofisi. Hatudhani mtu atasimama mbele ya wenzake akajitambulisha kwalo. Wenyewe Uganda, na sasa Kenya pia, hujiita "kuchu". Katika kamusi tunazotumia darasani, neno hilo halimo.