Uhuru wa Watumwa na Nasaba za Eastlands

Jina la Mbotela lajulikana Nairobi kwanza kama jina la mtaa. Mtaa huo ni mmoja wa ile ya Eastlands iliyojengwa na Manispaa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na ulipewa jina hilo kumkumbuka Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa mjini humo mwezi wa Novemba 1952, wiki chache baada ya kutangazwa hali ya hatari. Kwa wasomi wa Kiswahili, hata hivyo, jina hilo ni la kitabu kabla ya kuwa la mtaa. Tom alitoka katika ukoo wa Freretown, Mombasa, ukoo uleule uliomtoa James Mbotela, mtungaji wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapwa London na Sheldon Press mwaka 1934. Jina la watu waliotekwa bara na kuuzwa pwani limeishia kuwa anwani ya nyumba za kupanga. Katika safari hiyo ya jina, kutoka jahazini hadi mlangoni penye nambari, mna suala ambalo wahakiki wa kitabu hiki hawajalishughulikia vya kutosha: nasaba ya watu waliokatwa na asili yao huandikwaje, na nani afaaye kuiandika?

Uhakiki uliozoeleka umeshika mambo mawili. La kwanza ni kama kitabu ni riwaya au ni historia, mjadala ambao umechosha na hauelekei kuzaa tunda. La pili ni lawama kwamba mtungaji anamsifu Mwingereza kupita kiasi na kumtwika Mwarabu lawama zote za biashara ya utumwa. Lawama hii ni ya haki, na itarejewa hapa chini. Lakini imekuwa kama pazia. Msomaji akishaambiwa kwamba kitabu ni wimbo wa kumsifu mkoloni, hakitazami tena kama kilivyo, yaani habari za jamaa moja zilizoandikwa na mwana wa mtumwa aliyekombolewa, kwa kusikia kwa wazee wake.

Kuandika habari za jamaa si jambo geni katika Kiswahili. Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy, ni nasaba ya watawala wa Usambara iliyonenepeshwa kwa visa na mashauri ya barazani. Tarekhe ya Pate nayo ni nasaba ya Wanabahani, na hapo ndipo lugha hii inapompata mtu aliye karibu kabisa na wale waitwao leo wataalamu wa nasaba: Mohamed bin Fumo Omar, maarufu kwa lakabu ya Bwana Kitini. Yeye mwenyewe alikuwa Mnabahani, na alisema kwamba habari zile alizipokea kwa babu yake, Bwana Simba. Watu mbalimbali walizipata kwake, na Stigand akazichapisha mwaka 1913. Nakala zilizotoka kinywani mwake au zilizofuata masimulizi yake hazilingani katika miaka, wala katika mpangilio wa wafalme. Marina Tolmacheva alipozikusanya pamoja mwaka 1993, tofauti hizo zilionekana wazi. Haifai kumwita Bwana Kitini mwongo kwa sababu hiyo. Alikuwa akitunza heshima ya nyumba yake mbele ya wageni wenye kalamu, na heshima haihesabiwi kwa miaka.

Shida ya kazi hiyo ni mwenye kuiagiza. Mjuzi wa nasaba anayelipwa, kwa fedha au kwa heshima, anajua kile ambacho mlipaji anatamani kusikia. Mfano uliotangaa duniani ni wa Mmarekani Alex Haley, aliyekwenda Gambia kumtafuta babu yake Kunta Kinte, akasimuliwa na mzee Kebba Fofana kijijini Juffure kile hasa alichokuja kukitafuta. Kitabu chake Roots kikatoka mwaka 1976. Mwanahistoria Donald Wright alionyesha mwaka 1981 kwamba ushahidi wa mzee huyo haukuwa na uzito uliodaiwa. Siku hizi mtaalamu ana daftari za ubatizo, hati za mashamba, hata vipimo vya vinasaba. Lakini mteja hajabadilika. Bado anatafuta babu mwenye jina, na akiwa mfalme ni bora zaidi.

Sasa mtu wa namna hiyo na aletwe Eastlands. Katika mtaa wa Eastleigh atapokelewa vizuri, kwa kuwa Wasomali wana mapokeo yao ya abtirsi, ambayo mtoto hufundishwa kuhesabu majina ya baba zake mmoja baada ya mmoja, akirudi nyuma vizazi vingi. Hapo kila mwenye nyumba ni mjuzi wa nasaba, na mtaalamu wa kulipwa atabaki na kazi ya karani tu. Lakini akivuka kwenda Pumwani, Shauri Moyo au Mbotela, ngazi hiyo ya mababa atakuta imevunjika. Ni katika mahali pa namna hiyo ndipo kitabu cha 1934 kinapoanza kusema kitu kipya.

James Mbotela hakuwa na orodha ya mababu ya kuanzia. Mtoto aliyetekwa hakubeba silsila. Alibeba jina, kumbukumbu ya kijiji, na hofu. Jambo la kuangalia katika usimulizi wa kitabu hiki ni kwamba nasaba inapokatika, mtungaji hajaribu kuiunga kwa kubuni babu mtukufu. Angeweza. Wengi wamefanya hivyo, na pwani hii haina uhaba wa watu waliojipatia asili ya Shirazi au ya Uarabuni. Badala yake anaigeuza nasaba kutoka wima ikawa ya upana. Swali la wazazi wa fulani linaachia nafasi swali jingine: nani walikuwa pamoja, katika msafara ule, katika jahazi lile, katika kijiji kile cha misheni kilichoanzishwa na Church Missionary Society katika miaka ya 1870. Kiswahili kilikuwa na neno wajoli kwa watumwa wa bwana mmoja. Undugu unaosimuliwa na Mbotela ni wa aina hiyo, ila bwana ameondolewa. Wengine walifika Freretown kutoka Bombay na Nasik, wakiwa wamelelewa na wamisionari huko India na kupewa majina ya Kizungu wakati wa kubatizwa. Anayetafuta baba wa baba yao katika daftari za kanisa atagonga ukuta. Anayetafuta waliokaa nao, waliofunga nao ndoa, waliowalea watoto wao, atapata kijiji kizima.

Hapa ndipo penye nguvu ya kitabu, na si katika lugha yake, ambayo ni nyepesi na wakati mwingine ya kimahubiri. Nguvu hiyo ni ya fani: masimulizi yanayobebwa na wengi, yenye mhusika mkuu ambaye ni kundi.

Udhaifu wake unatoka palepale. Mtungaji amekwisha kukata ngazi ya mababa, lakini hakuweza kuvumilia mahali patupu pa juu. Akamweka pale mwokoaji. Manowari ya Kiingereza inashika nafasi ya babu. Kwa hiyo kosa lililolaumiwa na wahakiki si la siasa peke yake. Ni kosa la nasaba pia. Tena lina kejeli ambayo mtungaji hakuikusudia. Kitabu chenye jina la uhuru kilitoka mwaka 1934, wakati Mwafrika mwanamume nchini Kenya alikuwa akitembea na kipande katika kikopo cha chuma, akikivaa shingoni. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya vita. Kipande kilikuwa na alama za vidole, kabila, mahali atokako mtu, jina la mwajiri, siku ya kuanza kazi na siku ya kuacha. Kikiangaliwa kwa jicho la mtunza kumbukumbu, ni nasaba ya aina yake: badala ya fulani kumzaa fulani, bwana fulani alimwandika na bwana fulani akamwachisha. Na mjukuu wa Freretown, ambaye wazee wake walitoka nchi nne tofauti, katika nafasi ya kabila aliandikiwa nini? Kitabu kiko kimya, na kimya hicho kinaumiza.

Nairobi yenyewe ilijengwa juu ya maandishi ya namna hiyo. Mwafrika alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa muda, mwenye kitanda mjini na ukoo kwao. Kwa mujibu wa fikira hiyo, mjini hapana historia ya jamaa; historia iko mashambani, pamoja na kaburi. Pumwani, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, iliikanusha fikira hiyo mapema. Janet Bujra katika makala yake ya 1975, na Luise White katika kitabu chake cha 1990, wameonyesha jinsi wanawake wengi walivyojenga nyumba zao Pumwani na, kabla yake, katika vijiji kama Pangani. Wengi walisilimu, wakakata njia ya kurudi kwa baba na kaka, na wakachagua warithi wao wenyewe: mtoto wa kulea, binti wa dada, msichana aliyekuja mjini hana mtu. Nyumba ya udongo yenye vyumba sita ikawa ndiyo ukoo, na aliyeachiwa nyumba ndiye aliyekuwa mwana.

Tofauti kati ya wanawake hao na James Mbotela ni kubwa, lakini fani ya nasaba yao ni moja. Wote walipoteza ngazi, wakatandaza mkeka. Hata hivyo wanawake wa Pumwani walikuwa na hatua moja mbele yake: hawakumhitaji mwokoaji juu ya orodha. Mwenye nyumba ndiye alikuwa mwanzo wa nasaba, na alijua hivyo.

Serikali nayo ilijua, kwa njia yake. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake walihamishiwa Shauri Moyo, na waliokuwa na nyumba zao wakawa watu wa kukaa katika nyumba za Manispaa. Hasara hiyo huelezwa kwa kawaida kama hasara ya mali. Ilikuwa pia kufutwa kwa maandishi, kwa kuwa nyumba isiyorithishwa haiwezi kusema nani alikuwa mtoto wa nani. Tangu kuingia miaka ya 2020 ubomoaji umerudi, na nyumba kuukuu za Manispaa, zile za Pangani zikiwa miongoni mwa za mwanzo, zinapisha majengo ya ghorofa. Mpangaji anaorodheshwa upya, kwa nambari ya kitambulisho.

Basi yako wapi masimulizi ya Pumwani katika Kiswahili? Wanawake wale walizungumza Kiswahili cha Majengo. Ndiyo lugha waliyogombania kodi na kuusia nyumba. Msomaji wa leo anawapata kwa Kiingereza, katika tanbihi za wanahistoria. Kazi za wanahistoria hao ni za thamani na si kosa lao kwamba wengine walikaa. Lakini idara za lugha zimetumia miongo kukusanya ngano, vitendawili na nyimbo za arusi, huku usia wa nyumba, ulio utanzu kamili wa fasihi simulizi wenye kanuni zake, mashahidi wake na maapizo yake, ukiachwa kwa mahakama ya kadhi na wanasheria. Mkusanyaji atakayefika sasa, awe wa chuo au wa kulipwa na familia, ataharibu kazi tangu swali la kwanza ikiwa atauliza jina la babu. Aanze na chumba: kilikuwa cha nani, nani alilala humo, nani aliyelipa sanda.

Jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953, limegawanywa katika mitaa zaidi ya mmoja: Ofafa Jericho, Ofafa Maringo, Ofafa Kunguni. Katika mazungumzo ya kila siku sehemu ya kwanza imeanguka. Watu husema Jericho na Maringo tu, na jina la mtu limebaki katika ramani na stakabadhi za kodi. Mbotela, kwa kuwa halikuongezewa neno la pili, bado linatamkwa lote.