Uhakiki wa Mazoezi ya Kujaza Nafasi katika Ufundishaji wa Sarufi ya Kiingereza

Nchini Tanzania, Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia katika shule nyingi za sekondari. Hivyo udhaifu wa zoezi la sarufi si jambo dogo. Uhakiki huu unachunguza zoezi la kujaza nafasi kwa "a" au "the" katika sentensi pweke. Sentensi "She bought … book" hukubali maneno yote mawili. Muktadha ndio unaoamua. Zoezi linalokubali jibu moja tu humwadhibu mwanafunzi kwa jibu sahihi na kumzoeza kubahatisha. Ilhali Kiswahili chenyewe kina daraja: "alinunua kitabu" na "alikinunua kitabu" si sawa, kwani kauli ya pili huashiria kitabu kinachojulikana. Inapendekezwa mwalimu aanzie hapo, kisha atumie aya fupi za mazungumzo ya kila siku.