Sifa ya Wanaouliza Tena

Bulyaga, hapa Tukuyu, habari haihitaji kutafutwa. Inashuka na magari ya Mbeya, inapanda na ya Kyela, inapita sokoni kwenye ndizi, na kabla jua halijazama kila mtu ana yake ya kusimulia. Mwandishi wa uchunguzi huanza kazi pale wengine tulipokwisha kuridhika: Aliyeona kwa macho ni nani? Hati iko wapi? Nani anafaidika?

Rungwe ina sababu ya kuiheshimu kazi hii. Katika kijiji cha Busoka, wilayani humu, amezikwa Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten mkoani Iringa. Tarehe 2 Septemba 2012 alikuwa Nyololo, Mufindi, polisi walipokabiliana na wafuasi wa CHADEMA. Askari walimzingira, wakampiga, bomu la machozi likamlipukia kwa karibu. Waandishi wenzake hawakushusha kamera. Bila picha zao, kifo kile kingebaki maneno ya huyu dhidi ya yule. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15.

Miaka minne kabla ya Nyololo, Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mfanyabiashara anayesaka utajiri, akabisha hodi kwa waganga wa Kanda ya Ziwa. Mauaji ya watu wenye ualbino yalikuwa tayari yakizungumzwa. Yeye alitaka kusikia biashara ya viungo vyao ikitajwa na wanaoifanya. Aliisikia, akaitangaza, kisha vitisho vikamlazimu kujificha.

Watu kama hawa huwa tunawasifu kwa ujasiri. Mimi nasifu zaidi ufundi wao. Jasiri asiye na ufundi hurudi na hasira tu. Fundi hurudi na sauti iliyorekodiwa, tarehe iliyohakikiwa, jibu la mtuhumiwa, na jina la mtoa habari alilolifungia moyoni. Akitengeneza filamu, hukaa na saa nyingi za picha na kukata hata zile alizozipenda, ili aliyeumizwa aongee mwenyewe na mtazamaji aamue.

Ndiyo maana kazi hii haimtaki mtazamaji amwamini mwandishi kwa sura yake wala umaarufu wake. Inamwekea ushahidi mezani na kumruhusu aukague. Katika nchi ambamo mkubwa akishasema mjadala hufungwa, hiyo ni heshima kubwa kwa mwananchi wa kawaida.