Gita la Nyuma

Wilaya ya Kilosa inawajua nyota wake. Mwaka 2015 Jimbo la Mikumi, lililo ndani ya wilaya hiyo, lilimchagua rapa Joseph Haule, yaani Professor Jay, kuwa mbunge. Vizazi viwili kabla yake, Mkoa wa Morogoro ulitamba kwa Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga gita la solo na bendi ya Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, tayari alikuwa na bendi yake, Super Volcano.

Ila sikiliza tena nyimbo zile, safari hii ukiliacha solo lipite. Chini yake kuna mpiga gita la ridhimu.

Wimbo wa dansi huanza polepole, waimbaji wakisimulia kisa, kisha hufika kwenye chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea. Hapo solo huachiwa uwanja, sekondi solo hujaza mianya, na ridhimu hurudia mapigo yaleyale bila kupanda wala kushuka. Ukumbini chemko huweza kwenda muda mrefu, na mkono wa kulia wa mpiga ridhimu haupumziki. Akikimbia kidogo tu, besi na tumba vinayumba, na wanaocheza wanahisi miguuni kabla ya masikio kujua kosa liko wapi. Katika studio ya Radio Tanzania bendi nzima ilirekodi kwa pamoja, kwa hiyo mmoja akikosea, wote walianza upya. Ndiyo maana ridhimu ya Abdallah Gama katika nyimbo za Mlimani Park, bendi iliyoundwa mwaka 1978, inastahili kusikilizwa peke yake. Sifa zilikwenda kwa waimbaji Hassani Bitchuka na Muhiddin Maalim, nao walizistahili. Gama aliwapa mahali pa kusimama.

Kazi hii huhitaji kudumu kuliko kung'ara. Bendi huvunjika, vyombo mara nyingi ni mali ya kampuni, jumuiya au tajiri, na mpigaji huondoka na ufundi wake tu. Mpiga gita John Kitime amepitia bendi za Tancut Almasi ya Iringa na Vijana Jazz, kisha akawa mmoja wa nguzo za Kilimanjaro Band, yaani Wana Njenje, pamoja na mpiga kinanda Waziri Ally. Barabara ya Iringa kwenda Dar es Salaam hukatiza Mikumi, na wanamuziki wengi wameipita usiku, vyombo vikiwa juu ya gari.

Kinanda nacho kimeongezewa mzigo. Tarumbeta na saksafoni zilipopungua kwenye bendi, mpiga kinanda ndiye aliyerithi sehemu zake. Katika bendi ndogo ya harusi humlazimu kupiga mlio wa tarumbeta kwa mkono wa kulia, kushika kodi za muziki kwa wa kushoto, na wakati huohuo kumtazama mwimbaji ajue lini anataka kurudi kwenye kiitikio.