Istilahi za Kabureta: Rasimu Isiyoisikiliza Injini

Tumeisoma rasimu ya istilahi za magari ya kale iliyoletwa mbele yetu, na sehemu iliyotulazimu kuirudia ni ile ya kabureta. Jina lenyewe hatuna ugomvi nalo. Limekwisha kukaa katika vinywa vya mafundi na madereva, na anayetaka kulifukuza sasa amechelewa. Tatizo limo katika maneno yanayoeleza kazi ya chombo hicho.

Rasimu inatumia “kurekebisha” kwa kupima mchanganyiko wa hewa na petroli, na pia kwa kuubadili. Tuitazame kabureta ya SU, iliyobuniwa na akina Skinner wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Injini ikiwa imepata moto na inazunguka taratibu, fundi huinua pistoni ya kabureta kiasi cha milimita 0.8, kisha husikiliza. Injini ikiongeza mbio na kudumu hivyo, petroli imezidi. Ikilegea na kutaka kuzima, petroli haitoshi. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, mambo ni sawa. Hapo hakuna kilichorekebishwa. Fundi amepima tu, na baada ya kupima ndipo huizungusha nati iliyo chini ya jeti, yaani kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli. Mwanafunzi anayeambiwa “rekebisha” katika hatua zote mbili ataigusa nati kabla ya kusikiliza, wala hatajua tena alikotoka. Tunataka “kupima” na “kusawazisha” viwe vitu viwili.

Kuhusu “mchanganyiko tajiri” na “mchanganyiko maskini” hatutasema mengi. Hiyo ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Kiswahili kina “mzito” na “mwepesi”, na anayehofu kwamba maneno hayo yatachanganywa na uzito wa mizani na awaulize wapika uji.

Kosa la hatari zaidi ni kuiita “skrubu ya hewa” kila skrubu ndogo ya kabureta. Ziko kabureta ambazo skrubu hiyo huzuia hewa kweli: ukiikaza, mchanganyiko unakuwa mzito. Ziko nyingine ambazo huzuia petroli, au mchanganyiko uliokwisha kuungana: ukiikaza, injini inapata petroli kidogo. Katika Ford Model T, iliyoundwa kuanzia 1908 hadi 1927, kilichokazwa kilikuwa sindano ya petroli, na kuikaza kulifanya mchanganyiko kuwa mwepesi. Mwenye gari kama hilo akiifuata rasimu hii atageuza mkono kinyume, naye atakuwa ametii maandishi. Basi ziwepo “skrubu ya hewa”, “skrubu ya mchanganyiko” na “sindano ya petroli”, na kila moja ielezwe inazuia nini.

Tumependezwa, hata hivyo, na “jeti ya fidia”. Mfaransa François Baverey, aliyebuni kabureta ya Zenith, alijua kwamba jeti moja pekee hutoa petroli kupita kiasi kadiri mvuto wa hewa unavyozidi. Aliongeza jeti ya pili inayopata petroli kutoka katika kisima kilicho wazi kwa hewa, ambayo utoaji wake hauongezeki pamoja na mvuto huo. Moja ikizidisha, nyingine inapunguza uzito wa mchanganyiko. Fidia ndiyo hasa. Tena akiba ya kisima hicho huvutwa kwanza dereva anapokanyaga mafuta ghafla, hivyo gari huchapuka bila kusitasita.

Na huko kusitasita rasimu imekuitaje? “Doa bapa”! Msomaji atatafuta doa hilo kwenye bati la gari. Injini inayokanyagwa ikanyamaza kidogo kabla ya kuitika ina kigugumizi, na neno hilo lingeeleweka hata kwa abiria. Aliyeandika “doa bapa” alikuwa na kitabu mezani, hakuwa na injini.

Ni kweli kwamba magari ya leo hupata petroli kwa njia nyingine, na huenda wengine wakauliza faida ya jambo hili. Lakini kabureta bado zimo katika pikipiki nyingi, na katika jenereta ndogo na mashine za maji, na vijana wanafundishwa kuzifungua. Rasimu irudishwe kwa waandishi wake, nao waende nayo gereji, wamwombe fundi afuate maelekezo yao neno kwa neno, injini ikiwa inanguruma.